Kifurushi cha usalama cha karakana mpya: kipi ununue, kipi uache dukani

Anayefungua karakana ya kuchomelea mageti na madirisha, au ya kutengeneza samani, hukutana na kifurushi hiki kabla hata ukuta haujapakwa rangi. Maduka ya vifaa vya ujenzi hukiuza kikiwa kizima: mtungi mmoja wa unga wa kuzimia moto wa kilo 6, kisanduku cha huduma ya kwanza, kofia ngumu mbili, reflekta mbili, jozi kadhaa za glavu za kitambaa, miwani ya plastiki, maski ya kuchomelea, boksi la barakoa, viziba masikio na stika za alama. Muuzaji huongeza na neno la kukutuliza: chukua hii, mkaguzi akija huna wasiwasi.

Hapa tunakipima kitu kwa kitu, na kipimo ni kazi yenyewe: karakana ya watu watano hadi kumi, yenye mashine ya kuchomelea kwa vijiti, grenda mbili, msumeno wa meza na chumba cha kupaka vanishi. Mtungi, maski na miwani vina thamani kama unajua cha kuangalia kabla ya kulipa. Glavu na barakoa zinazokuja humo hazifai kwa kazi hii. Kofia na reflekta zina mahali pake, ila mahali penyewe si ndani ya karakana. Na hatari mbili kubwa kuliko zote, diski ya grenda inayopasuka na msumeno unaokula vidole, hazina kinga yoyote ndani ya kifurushi.

Kwa Tanzania Bara, msingi ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Zanzibar ina sheria yake. Sheria ya Bara inamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi kabla ya kuanza, afanye tathmini ya vihatarishi, afunike sehemu hatari za mashine, awapime wafanyakazi afya, awe na wawakilishi wa usalama na afya, aweke huduma ya kwanza na vifaa vya kuzimia moto, na awape watu vifaa kinga bila kuwakata mshahara. Vifaa kinga vimo, lakini ni jambo moja katika mengi, na wataalamu huvihesabu kuwa ngazi ya mwisho. Kwanza unaiondoa hatari, ikishindikana unaibadilisha kwa kitu chenye madhara madogo, kisha unaitenga na mtu, kisha unapanga kazi upya, ndipo unamvika mtu kifaa. Kifurushi huanzia ngazi ya mwisho na kuishia hapohapo. Mnunuzi anayelijua hilo atakitumia vizuri. Asiyelijua atadhani amemaliza kazi ambayo hajaianza.

Mtungi wa kuzimia moto

Hiki ndicho kitu cha thamani kuliko vyote humo, na ndicho kinachonunuliwa kwa kufumba macho. Usitosheke na mtungi mwekundu wenye maandishi "DCP 6 KG". Maneno hayo yanasema tu kwamba ndani mna unga mkavu wa kilo sita. Hayasemi ni unga gani. Kuna unga wa BC, ambao kwa kawaida ni bikaboneti ya sodiamu, na unga wa ABC, ambao msingi wake ni fosfati ya amonia. A ni moto wa vitu vigumu kama mbao, karatasi na vitambaa. B ni moto wa vimiminika kama tina, petroli na vanishi. C ni moto wa gesi. Unga wa BC ukiurusha juu ya rundo la maranda linalowaka, ndimi za moto zitazimika mbele ya macho yako, lakini makaa yaliyo chini yatabaki mekundu na baada ya dakika chache moto utarudi, wakati mtungi umeshaisha. Unga wa ABC huyeyuka juu ya makaa na kuyafunika. Kwa karakana ya mbao, mtungi wa BC hautoshi. Soma lebo: lazima uione herufi A.

Mtungi uliopimwa kwa viwango vya Ulaya huwa na namba pamoja na herufi, mfano 21A 113B. Si urembo. 21A maana yake mtungi wa aina hiyo ulizima rundo la mbao lenye urefu wa mita 2.1 katika majaribio, na 113B ni moto wa kimiminika wa lita 113. Namba zikiwa kubwa, mtungi una nguvu zaidi kwa uzito uleule. Kama mitungi miwili inalingana bei, mmoja una namba na mwingine hauna, chukua wenye namba.

Kisha uchunguze mwili wake. Mshale wa geji uwe kwenye kijani. Pini iwepo, na lakiri ya plastiki inayoizuia isiwe imekatwa. Mpira usiwe na nyufa, na mdomo wake usiwe umezibwa na buibui au udongo wa nyigu, jambo la kawaida kwenye mitungi iliyokaa stoo. Uzito wa jumla huandikwa kwenye lebo, na duka lolote linalouza misumari lina mizani. Pima. Mshale ukiwa kwenye kijani huonyesha presha tu, hauonyeshi kama unga umejaa.

Muda ndio unaowashangaza watu. Mtungi wa kilo 6 hutoa unga kwa sekunde kumi na tano hivi, mara nyingine pungufu. Mtu asiyewahi kuushika humaliza nusu akirushia hewani. Kwa hiyo, mitungi inapopelekwa kujazwa upya, toa kwanza mmoja nje, washa moto mdogo kwenye nusu pipa la chuma, kila mfanyakazi ashike kwa sekunde tatu. Simama mita mbili hadi tatu kutoka kwenye moto, upepo ukiwa mgongoni. Vuta pini, elekeza mdomo wa mpira kwenye shina la moto na si kwenye ndimi, bana mkono wa mtungi, fagia kulia na kushoto huku ukisogea. Mlango uwe nyuma yako muda wote. Moto ukikuzidi, toka na upige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mtungi uliobanwa hata mara moja urudishwe kujazwa. Chembe za unga hubaki kwenye vali, presha huvuja polepole, na baada ya siku kadhaa geji inasoma sifuri ingawa unga bado umo. Mtungi huo ukirudishwa ukutani ni hatari kuliko kutokuwa na mtungi kabisa, kwa sababu watu wanautegemea.

Utundike karibu na mlango wa kutokea, si mwisho wa karakana nyuma ya mashine. Mtu akikimbilia mtungi awe anakimbilia usalama. Pawepo njia ya kuufikia isiyozidi hatua ishirini hivi kutoka popote anapofanya kazi, na usigeuzwe kigingi cha kutundikia ovaroli. Mara moja kwa mwezi angalia geji, pini na mpira, kisha uandike tarehe kwenye kadi yake. Mara moja kwa mwaka umwite fundi aufanyie huduma kamili. Unga uliokaa muda mrefu bila mtungi kupinduliwa, hasa mahali penye mtikisiko wa mashine, hushikamana chini ukawa kama saruji. Kuupindua mtungi juu chini mara chache na kusikiliza unga ukitiririka ni ukaguzi usiogharimu chochote.

Mtungi mmoja hautoshi. Unga ukipulizwa ndani ya mashine ya kuchomelea au kwenye ubao wa umeme, moto unazimika, ila chembe zinaingia kila mahali na zikipata unyevu hula shaba na vyuma. Karibu na umeme weka mtungi wa kaboni dayoksaidi wa kilo 2. Huo hauna geji, unakaguliwa kwa mizani tu, na ukipungua uzito kwa asilimia kumi urudishwe kujazwa. Mdomo wake mpana hupoa mno wakati wa kutumika, kwa hiyo shika kishikio, usishike ule mdomo. Na ndoo mbili za mchanga mkavu kwenye chumba cha vanishi ni nyongeza ya bei ndogo na yenye faida kubwa, mradi zisigeuke jalala la vichungi vya sigara. Sigara yenyewe haina nafasi humo ndani.

Macho

Maski ya kuchomelea ya kifurushi mara nyingi ni ile ya plastiki nyeusi yenye kioo cha kudumu. Usiidharau. Kwa vijiti vya milimita 2.5 na 3.2, ambavyo ndivyo vinavyochomelea karibu mageti yote mjini, kinachotakiwa ni kioo cha giza namba 10 au 11. Namba imechapwa kwenye kioo chenyewe. Kioo kisicho na namba kirudishe. Hakikisha pia kuna vioo viwili: cheusi kwa ndani, cheupe kwa nje kinachopokea cheche. Cheupe hicho ndicho kinachochakaa, na ni bei ndogo, nunua vitano vya akiba. Fundi ambaye kioo chake cha nje kimejaa vidoa vya chuma huanza kuinua maski ili aone mshono, na hapo ndipo macho yanapoungua.

Maski inayojitia giza yenyewe inafaa zaidi kwa anayechomelea kwa vipande vifupi vifupi, kwa sababu hana haja ya kuinua na kushusha mara mia kwa siku. Udhaifu wake uko kwenye betri na vile vijicho vya mbele vinavyohisi mwanga. Vikifunikwa na vumbi au cheche, kioo kinachelewa kugeuka. Vifute kila asubuhi.

Miwani ya jua haina kazi hapa. Vijana wengi huchomelea wakiwa wamevaa miwani ya jua ya mitaani, kwa sababu inapunguza mwangaza na macho yanatulia. Giza lake ni dogo mno kwa mwanga wa kuchomelea, inaacha pembeni wazi, uso wote unabaki bila kinga, na mwenye nayo anapata ujasiri wa kukodolea macho mwanga ambao angeukwepa. Maumivu hayaji papo hapo. Huja saa kadhaa baadaye, usiku, macho yakiwasha kana kwamba yametiwa mchanga. Anayeumia zaidi mara nyingi ni saidia fundi anayeshikilia bomba, au mteja aliyesimama akiangalia geti lake, na hao kifurushi hakiwajui. Pazia la turubai nzito isiyoshika moto, lililosimamishwa kwenye fremu ya bomba lenye magurudumu, huwakinga wote kwa mpigo mmoja. Karakana ya vyuma inaweza kulitengeneza kwa mabaki ndani ya nusu siku.

Miwani myeupe ya grenda tafuta alama ya F au B kwenye lenzi au fremu. F ni kinga dhidi ya chembe ndogo inayokuja kwa mita 45 kwa sekunde, B ni mita 120 kwa sekunde. Miwani ya fremu haipati B, hiyo hupatikana kwenye ile ya mpira inayobana uso mzima. Kwa grenda, miwani ya B au miwani ya F pamoja na ngao ya uso. Ngao peke yake haitoshi, kwa kuwa chembe huruka kutoka chini na kuingia ndani yake.

Glavu, buti na nguo

Glavu za pamba zenye vidoti vya mpira ni za kubebea matofali. Ukichomelea nazo, vidoti huyeyuka na pamba inashika moto. Anayechomelea anahitaji glavu za ngozi ndefu zinazofunika kifundo cha mkono. Lakini usiwape watu glavu halafu ukaamuru zivaliwe kila mahali. Kwenye drili ya kusimama, msumeno wa meza na jiwe la kunolea, glavu ni hatari: uzi mmoja ukinaswa na kinachozunguka, mkono unafuata. Kanuni hiyo iandikwe ukutani juu ya kila mashine, kwa sababu haiko wazi kwa mgeni wa kazi. Yeye anadhani glavu ni usalama popote.

Buti hazimo kwenye vifurushi vingi, na hilo ni pengo. Tafuta zenye kifuniko cha chuma mbele kilichopimwa kwa jouli 200. Suruali ishuke juu ya buti, isichomekwe ndani, vinginevyo cheche zinatumbukia kwenye soksi. Nguo iwe pamba nzito. Jezi za mpira wa miguu, vazi la kazi la karakana nyingi, ni za poliesta, nazo huyeyuka na kugandamana na ngozi iliyoungua. Ovaroli ya pamba iliyokwishatumika na kufuliwa ni bora kuliko jezi mpya.

Barakoa, moshi na maziwa

Boksi la barakoa ndani ya kifurushi ni za hospitali, za karatasi zenye mikanda ya masikioni. Zinamkinga mgonjwa dhidi ya mate ya daktari. Vumbi la mbao na moshi wa chuma hupita pembeni bila kizuizi. Unachotaka ni barakoa yenye alama FFP2 au N95: mikanda miwili inayopita nyuma ya kichwa, na bati la pua linalobanwa kwa vidole vya mikono yote miwili. Ndevu nyingi huharibu mbano. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeweka vumbi la mbao na moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa kuchomelea uliingizwa humo mwaka 2017. Mwenye karakana anayeona vumbi ni uchafu tu wa kufagia ajue hilo, na afagie baada ya kunyunyiza maji, au bora atumie mashine ya kunyonya.

Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki yana jambo lake. Yakichomelewa hutoa moshi mweupe mzito, na fundi aliyeuvuta hupata baridi, homa, kichwa kuuma na viungo kulegea saa nne hadi kumi na mbili baadaye. Huku kwetu hali hiyo huchukuliwa kuwa malaria, mtu akanunua dawa, na kwa kuwa homa ya zinki huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili, huamini dawa imemponya. Wiki inayofuata anaivuta tena. Mfanyakazi akiugua jioni ya siku aliyochomelea mabomba ya zinki, akapime malaria, na amweleze mganga alichokuwa akifanya.

Na maziwa. Ni desturi iliyoenea kwamba mchomeleaji apewe nusu lita ya maziwa kila siku ili "yaondoe sumu". Maziwa ni chakula kizuri, mpe. Lakini yanaingia tumboni, moshi unaingia kwenye mapafu, na hayakutani. Mwajiri anayenunua maziwa badala ya kufungua ukuta kwa ajili ya hewa amelipia kitu kisicho kinga. Kinachosaidia ni hiki: kwangua zinki kwa grenda, ukiwa na barakoa, sentimita mbili hadi tano kila upande wa mshono kabla ya kuchomelea, fanyia kazi mahali penye hewa inayopita, weka kichwa pembeni ya moshi na si juu yake. Rangi ya zamani nayo ikwanguliwe vivyo hivyo.

Viziba masikio

Vidogo vya sifongo ni vizuri na bei yake ni rahisi, ila nusu ya wanaovivaa hawavivai sawasawa. Kiviringishe kiwe chembamba kama kijiti, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kiingize, kishike kwa sekunde thelathini kikitanuka. Kikichungulia nje sana, hakijaingia. Kipimo cha kelele bila kifaa: kama watu wawili walio mita moja kutoka kwa kila mmoja wanalazimika kupaza sauti, kinga ya masikio inahitajika. Randa ya umeme na grenda hupita kipimo hicho bila shaka.

Kisichokuwemo: kava, diski na fimbo

Hapa ndipo tungependa mnunuzi atumie fedha ya kofia. Ndani ya karakana hakuna mtu anayefanya kazi juu ya kichwa cha mwenzake, kwa hiyo kofia mbili na reflekta mbili zinabaki ukutani. Zitahitajika siku mnapokwenda saiti kufunga madirisha ghorofani, na siku hiyo mtahitaji zaidi ya mbili.

Grenda huja na kava yake kutoka kiwandani. Kava hutolewa kwa sababu moja karibu siku zote: fundi anataka kuweka diski kubwa kuliko mashine. Angalia namba. Diski ya milimita 230 imetengenezwa isizidi mizunguko 6,600 kwa dakika. Grenda ya milimita 180 huzunguka hadi 8,500. Diski hiyo ikifungwa humo inazungushwa kupita kiwango chake kwa karibu theluthi, tena bila kava, na ikipasuka vipande vinamfuata aliyeishika usoni na kifuani. Hakuna miwani inayotosha hapo. Kwa hiyo amri ya kwanza ya karakana: grenda isiyo na kava haiwashwi, na diski ya ukubwa mmoja haihamii mashine nyingine.

Diski zina tarehe ya mwisho, jambo ambalo wengi hawalijui. Imechapwa kwenye pete ya chuma katikati, mwezi na mwaka, kwa kawaida miaka mitatu tangu kutengenezwa, kwa sababu gundi inayoshika chembe hudhoofika, na unyevu huiharakisha. Mikoa ya pwani diski zilizowekwa sakafuni huharibika mapema. Diski ya kukatia isitumike kusugulia ubavuni. Ni nyembamba, inapinda, inavunjika. Ikianguka chini, itupe hata kama huoni ufa.

Msumeno wa meza wa kienyeji, ulioundwa kwa mota na fremu ya chuma cha kona, mara nyingi hauna kava wala kisu cha nyuma kinachozuia mbao isibane meno. Mbao ikibana hurudishwa nyuma kwa nguvu, na mkono unaovutwa nayo huelekea kwenye meno. Kisu hicho ni bapa la chuma lililosimama nyuma ya msumeno, umbali usiozidi milimita 8 kutoka kwenye meno, nene kuliko bamba la msumeno lakini jembamba kuliko mkato. Karakana ya kuchomelea inaweza kukiunda na kukifunga. Juu yake weka kava. Kisha kata fimbo ya kusukumia kutoka kwenye mabaki: urefu wa sentimita 45, pengo la pembe mwishoni la kushika ukingo wa mbao. Tengeneza tatu, zitundike kwenye meza kwa kamba. Gharama yake ni sifuri, na hakuna kitu ndani ya kifurushi kinachookoa vidole kama hicho.

Ongeza swichi ya kukata umeme unaovuja ya miliampia 30 kwenye ubao. Nyaya za kurefusha zinazolala sakafuni kwenye maji na vumbi la chuma, zenye maungio ya selotepu, ndizo zinazoihitaji. Ijaribu kila mwezi kwa kubonyeza kitufe chake. Isipokata, iondoe.

Kisanduku cha huduma ya kwanza

Kifungue dukani. Vingi vimejaa plasta ndogo za kidole na vidonge vya maumivu. Karakana hupata michubuko, ndiyo, lakini unachokinunulia kisanduku ni damu nyingi, kuungua na chuma jichoni. Kwa watu kumi weka pedi kubwa za kufungia jeraha zisizofunguliwa, angalau sita, bandeji za kuviringisha za upana mbalimbali, bandeji mbili za pembetatu, shashi safi, chupa mbili za nusu lita za maji ya chumvi ya kuoshea macho, mkasi wenye ncha butu unaokata nguo, plasta ya mkanda, na glavu za mpira jozi kumi. Vidonge vitoe. Anayeumwa kichwa baada ya kazi ya moshi anapaswa kuonwa, si kunyamazishwa.

Kuungua kunatibiwa kwanza kwa maji safi yanayotiririka, dakika ishirini, si kwa dawa ya meno wala mafuta. Kwa hiyo bomba au ndoo yenye koki ni sehemu ya huduma ya kwanza. Chuma kilichoingia kwenye mboni kisichokolewe kwa ncha ya kitambaa. Funika bila kubana, mpeleke hospitali. Kisanduku kisifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa bosi aliyeko sokoni.

Makaratasi

Baadhi ya vifurushi huja na bahasha ya nyaraka: sera ya usalama iliyochapwa tayari, fomu ya tathmini, nafasi za kujaza jina. Sera ya namna hiyo inayotaja "kreni" na "kemikali za maabara" katika karakana ya mageti inamwambia mkaguzi kwamba hakuna aliyeisoma. Tathmini ya vihatarishi ya karakana ndogo inaingia kwenye kurasa mbili za daftari. Zunguka na mafundi wako kutoka mlangoni hadi stoo. Kwa kila hatari andika ni ipi, inamgusa nani, kinga gani ipo sasa, kipi kinaongezwa, nani atakifanya na kwa tarehe gani. Safu mbili za mwisho ndizo zinazotenganisha tathmini na karatasi.

Usajili wa mahali pa kazi unafanywa kwa OSHA, kando na BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na leseni ya biashara. Kuwa na hizo mbili hakukusajili OSHA. Mwajiri anajisajili pia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Mchango unalipwa na mwajiri peke yake, na kumkata fundi kwa ajili yake ni kosa. Kenya mambo yanafanana lakini hayalingani: sheria yao ni ya mwaka 2007, inasimamiwa na DOSHS, idara yao ya usalama na afya kazini, inataka ukaguzi kamili wa usalama kila baada ya miezi kumi na miwili, na karakana yenye wafanyakazi 20 au zaidi iwe na kamati ya usalama.

Kosa linalojirudia ni kuhesabu wafanyakazi kwa mikataba. Deiwaka aliyekuja kubeba mabomba leo, na kijana aliyeletwa na mjomba wake ajifunze kazi, wanapumua moshi uleule na kushika grenda ileile. Nunua vifaa kwa idadi ya vichwa vilivyomo karakanani siku yenye watu wengi, kisha ongeza jozi moja ya wageni. Kila kifaa kinapotolewa, andika kwenye daftari jina, kifaa, saizi, tarehe, na mpokeaji aweke sahihi. Kikiharibika anarudisha kilichochakaa anapewa kingine bila maswali ya fedha. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha, miezi mitatu baadaye, kwamba barakoa zimeisha na hakuna aliyeagiza nyingine.